Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Kabla ya uasi, padri wa Kiringye alikuwa akinituma Uvira kumnunulia divai ya misa. Sikuwa mnywaji, lakini kununua nilijua: niliziacha chupa zenye picha nzuri, nikatafuta ile ya bei ya chini isiyotiwa sukari. Kila niliyoinunua niliifunga uzi mwekundu shingoni, isije ikachanganywa na divai ya mezani.

Waasi walipovunja maduka, divai ikawa rahisi kuliko pombe ya ndizi, maana watu waliiona chachu tu. Sokoni Nyamianda nilimkuta mpiganaji wao mmoja ametandaza chupa juu ya gunia, zimetapakaa matope hadi shingoni. Majuma matatu yalikuwa yamepita bila habari za padri. Nikasema nitamwekea akiba.

“Mama, beba mbili kwa bei ya moja,” mpiganaji akaniambia.

“Minye sinunue matope. Punguza tena!”

Akapunguza. Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja, mpumbavu mimi! Nilipoziosha, shingoni mwa zote mbili kulikuwa na uzi mwekundu, na fundo lilikuwa langu.

Tangu hapo sikungoja tena habari za padri.