Trekta Dogo la Mwanyumba

Mwanyumba wangu alinunua trekta dogo Masasi mjini, la mtumba, jekundu lililofifia, na tangu siku hiyo chakula kikawa kinanishuka kwa shida. Mwanyumba ni mume wa mdogo wake mke wangu. Yeye kwao ni Nanganga. Mimi nimeoa hapa Makote nikahamia, na mama mkwe wetu ni mmoja.

Kwetu mkwe analimiwa. Tangu nilipooa, shamba lake la njugu mawe nimelilima mimi, kwa jembe la mkono, kabla ya mvua za kwanza. Ikifika mavuno, sufuria ya kwanza ya njugu za kuchemsha huletwa kwangu. Sijawahi kuiomba. Huletwa tu. Mwaka huu mke wangu akaniambia, huku akijifanya anachambua mchicha, "Baba Mapacha, safari hii upumzike. Mama anasema shamba litalimwa na trekta."

Kupumzika! Nilikaa barazani nikinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa.

Siku ya kulima nilikwenda kutazama. Ndugu wa mke wangu walikuwa wamejaa, na mama mkwe alikaa kwenye mkeka ukingoni mwa shamba.

"Shikamoo kaka," mwanyumba akanisalimu kutoka kwenye kiti chake.

"Marahaba. Naona umekaa juu."

"Huku juu kuna upepo, kaka. Wewe umeinama miaka yote mpaka mgongo umekuwa mundu!"

Watu wakacheka. Mke wangu pia akacheka, na hilo nililiona.

Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Vigelegele vikapigwa, na kila kimoja kilinichoma kama upupu. Lakini mstari wa pili trekta likainama upande mmoja, plau nalo likainama, udongo ukakwaruzwa badala ya kugeuzwa. Nyasi zikabaki zimesimama. Mstari wa tatu ukawa mbaya zaidi, na tairi la nyuma likaanza kuzunguka mahali pamoja mchangani. Vigelegele vikakoma. Nikajisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia kwa wiki nzima.

Ngoja nieleze, maana jambo lenyewe si gumu. Plau la namna hii lina ncha inayokata udongo na bamba lililopinda linaloupindua, majani yakaenda chini. Mstari wa kwanza, matairi yote yanapita juu ya ardhi isiyolimwa. Kuanzia wa pili, tairi la kulia linashuka ndani ya mfereji uliokwisha kuchimbwa. Trekta likilalia kulia, plau linalala nalo. Kwa hiyo plau halinyooshwi trekta likiwa limesimama sawa. Linanyooshwa trekta likiwa limeinama vile vile litakavyoinama kazini. Haya niliyajua tangu nilipoendesha trekta kwenye shamba la watu, kabla sijaoa.

Mwenzangu alikuwa amelinyoosha plau nyumbani kwake, kwenye uwanja uliofagiliwa ukawa kama sahani, akakaza nati zote akaja. Hakutaka kurekebisha kitu shambani. Mkwe mume hainami chini ya chuma, makalio juu, mbele ya mama mkwe. Sasa alisimama akiutazama mkeka, akazitazama nati, akautazama tena mkeka, shingo ikimtoka jasho.

Ningeweza kwenda zangu nyumbani. Ila udongo ule uliokuwa ukikwaruzwa niliulainisha mimi, msimu baada ya msimu, na nikiona mtu anakosea kitu ninachokijua mdomo hunifunguka wenyewe. Nikamnong'oneza mke wangu ampeleke mama akaangalie muhogo.

Mama mkwe hasemi nasi moja kwa moja. Alimgeukia binti yake, kwa sauti ya kutusikilizisha: "Mwambie mtu wako muhogo nimeuona asubuhi."

"Twende tukauone tena, mama."

Akatucheka, akainuka.

Tulilipeleka trekta nyuma ya mikorosho, kwenye tambarare. Nilikata gogo fupi kutoka tawi lililoanguka, unene wake sawa na kina cha mfereji, nikalichonga juu na chini lisibingirike.

"Pandisha tairi la kushoto hapa," nikamwambia. "Umeona linavyoinama? Sasa lijione liko shambani. Fungua skrubu, nyoosha plau mpaka lisimame wima. Pole pole. Hivyo hivyo, unaweza."

Mfuko mtupu wa salfa, dawa ya mikorosho, tukaujaza mchanga, tukaufunga nyuma, ili tairi lipate uzito.

Mstari uliofuata udongo ulipinduka mwekundu, laini, kama mkeka unaokunjwa. Vigelegele vikarudi, vyote vya mwanyumba. Nilivihesabu moyoni na hakuna kilichokuwa changu.

Mama mkwe alipotoka kwenye muhogo, mkeka ulikuwa juani. Akaliona gogo kivulini, akalikalia.

Trekta lilipofika katikati ya shamba plau likalegea, likataka kunyooshwa tena juu ya gogo. Mwanyumba akanijia mbio, akamwona aliyelikalia, akasimama ghafla. "Kaka, gogo!" akaninong'oneza.

"Liombe."

"Nimwinue mkwe? Mimi?"

Tukabaki tumesimama kama mikorosho. Mama mkwe akalipapasa gogo. "Nani kanichongea kiti?" akamuuliza binti yake.

"Baba Mapacha, mama."

"Kinanifaa." Akajiweka vizuri zaidi. "Yule wa trekta amefanya kazi, apumzike. Huko kulikobaki, chini ya mikorosho, sitaki chuma chake, kitanikatia mizizi. Mwulize mtu wako jembe lake liko wapi."

Sufuria ya njugu sijui mwaka huu itakwenda nyumba gani, na bado naifikiria. Lakini jembe lilikuwa pale pale kwenye nyasi, nyuma yangu. Nilikuwa nimekuja nalo tangu asubuhi.