Alichosema Bibi Mara Tatu

Kiganja kikipiga paja, juu ya kitenge kilichofuliwa mpaka kikalainika: pa. Kisha maneno. Kisha tena, pa. Mara tatu. Nikifua asubuhi hapa Iringa, kwenye baridi ile ya kuuma vidole, nikaipiga shuka kwenye karo, sauti ile inarudi na mimi naacha kufua.

Niliisikia kwenye ofisi ya kata, huko karibu na Chimala. Nilikuwa katibu wa baraza la kata, msichana wa Mbeya mjini, na cheti changu cha sheria kilikuwa bado kipya kabisa. Kidato cha nne nilipita kwa kubahatisha, acha niseme ukweli. Lakini ndoto nilikuwa nazo! Nilitaka kuwa msuluhishi, yule anayekaa na watu waliogombana mpaka wanaondoka wanaongea, bila hakimu, bila polisi. Ofisi yangu nilishaipanga kichwani: mapazia ya njano, jagi la maji, viti vitatu vya urefu mmoja ili asiwepo mkubwa.

Siku hiyo mwenyekiti wa baraza aliniambia, "Leo ongoza wewe, binti. Ukiyamaliza haya, barua yako ya chuo naisaini leo leo." Nilihitaji barua ya kunipendekeza niendelee na masomo. Moyo ulinidunda kama wa bibi harusi.

Shauri lilikuwa la bibi mmoja mjane na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Waligombea jaruba la mpunga. Bibi alijua Kiswahili cha salamu tu, mengine yote Kisangu. Mimi ni Mnyakyusa, Kisangu sikijui. Nikauliza nani atatafsiri. Akainuka mtoto wa yule shemeji, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mcheshi ambaye bibi mwenyewe alimlea.

"Usijali, Madam," akasema. "Mimi ni mtoto wa wote wawili."

Watu wakacheka. Mimi pia. Nilimpenda yule mwalimu, kila mtu alimpenda.

Nikauliza kama nilivyofundishwa, kwa upole: bibi anakubali jaruba liende kwa shemeji, na yeye abaki na lile dogo la karibu na nyumba? Bibi akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, taratibu, akinitazama mimi, si mwalimu. Mwishoni akarudia jambo moja mara tatu, na kila mara kiganja kikapiga paja. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani, na wajumbe walishaanza kutazama mlangoni.

"Amekubali," akasema mwalimu.

"Yote hayo ni kukubali tu?"

"Wazee, Madam. Salamu peke yake ukurasa mzima."

Tukacheka tena. Bibi alituangalia tunavyocheka, halafu na yeye akatabasamu kidogo, kama mgeni anayecheka ili asiwaharibie wenyeji. Lugha zetu ni za majirani, na neno la mtoto nililisikia. Nikadhani anasema wanawe watakula nini, maana wote husema hivyo. Nikamshika dole gumba, nikalichovya kwenye wino, nikalibandika kwenye karatasi niliyoiandika mimi. Kidole kilikuwa kikavu na chepesi. Kabla mvua haijaanza, barua yangu ikasainiwa.

Baada ya hapo nilisoma kidogo kidogo: diploma, kisha shahada kwa elimu ya masafa huku nikifanya kazi, hadi nikakubaliwa shahada ya uzamili ya usuluhishi hapa Iringa. Kwenye maombi walitaka mfano wa mgogoro uliowahi kuumaliza. Nikaandika wa bibi. Muhula wa kwanza nikausimulia mbele ya darasa, wakanipigia makofi. Mhadhiri aliuliza swali moja tu.

"Mkalimani alikuwa wa nani?"

"Wa wote wawili," nikajibu upesi, na darasa zima likacheka.

Usiku ule nililala vizuri. Ni asubuhi, kwenye karo, ndipo niliposikia pa ya kwanza.

Ikawa hivyo kwa wiki kadhaa. Mtu akikung'uta mkeka, mlango wa maktaba ukijifunga, bibi yupo. Na maneno yake yalikuja naye, sauti tupu bila maana, kama wimbo uliosikia utotoni.

Sokoni nilikuwa na mama mmoja ninayenunua kwake mchele, Msangu wa kwao Madibira. Siku moja nikamwomba anisikilize. Nikayasema yale maneno kama nilivyoyashika. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mwanangu wee! Unakiongea kama umeweka kiazi mdomoni. Kiazi cha kwenu hukohuko Mbeya! Hebu rudia."

Nikarudia. Safari hii, bila kukusudia, mkono wangu ulipiga paja. Mama akaacha kucheka. Akaliweka kopo la kupimia juu ya mchele.

"Nani alikuwa anasema hivi?"

"Bibi mmoja. Kwenye baraza."

"Anasema, shamba chukueni. Mtoto wangu amelala kule kwenye kichuguu. Niachieni pa kupita." Akaniangalia. "Mlimwachia?"

Kwenye karatasi yangu hakukuwa na njia.

Likizo ilipofika nilikwenda Chimala. Nilimkuta mwalimu kando ya majaruba, ameongezeka mwili kidogo, ucheshi ni uleule. "Madam! Umekuja kutusuluhisha tena?" Nikamuuliza habari za bibi. Akavua kofia.

Tuta la kupita, lililokatiza jaruba mpaka kichuguuni, lilivunjwa msimu uleule, wakapanda mpunga. Bibi akawa anazungukia kwenye mfereji, anavuka kwa miguu yake. Magoti yalipokataa, binti yake alimchukua Madibira. Alifia huko masika yaliyopita, wakamzika huko.

"Mwalimu, alisema anataka njia. Alisema mara tatu."

Akairudisha kofia kichwani. "Alisema mengi, dada. Wewe ulituuliza shamba. Kuhusu shamba, alikubali." Halafu, kwa sauti ya chini: "Na sote tulikuwa tunaitazama mvua."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa, maana kila alichosema kilinihusu na mimi.

Nikamwambia nataka kufika kichuguuni. Akanyoosha mkono kwenye mpunga. "Katiza hapahapa, utakanyaga kidogo tu. Nani atakukataza wewe?"

Nikamshukuru, nikamwomba aniache. Nilipoona amefika barabarani, nilizunguka mpaka kwenye mfereji, nikavua viatu, nikakunja sketi. Maji yalinifika juu ya magoti, na tope lilinivuta. Mimi ni kijana, na nilikaribia kuanguka mara mbili.

Kichuguu kilikuwa kimefunikwa na majani. Sikujua sala ya Kisangu, na ya Kinyakyusa niliona haimhusu. Nikapiga magoti, nikang'oa majani kwa mikono mpaka mawe madogo yaliyopangwa kuzunguka kaburi yakaonekana yote. Nikachukua viatu vyangu, nikarudi kupitia kulekule kwenye mfereji.