Jinsi benchi ya hoteli ilivyoniingiza ndani na wheelchair yangu, hapa Timau

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye baridi. Naleta kisa changu mwenyewe na sitatia chumvi. Waliokuwepo ni majirani zangu, na wengine wako humu humu.

Naitwa Karimi. Nashona sweta za shule kwa mashine. Natumia wheelchair tangu ajali ya barabarani, sasa ni mwaka wa sita.

Karibu na kibanda changu cha kushonea, nilichofungua baada ya ajali, kuna hoteli ya Mama Kinya. Githeri yake ya mahindi na maharagwe, wacha tu! Shida ni ngazi mbili za mlangoni.

Kwa hivyo miaka yote hiyo nimekuwa nikila nje, sahani kwa mapaja, upepo wa mlima ukinichapa. Chai inapoa kabla sijafika nusu.

(Kabla mniulize: ndiyo, wanaume walijitolea kunibeba. Siku moja walinibeba wanne, mmoja akateleza ngazini kabla hatujaingia, sketi yangu ikapanda mbele ya wateja wote. Nikasema never again.)

Sasa kuna msichana anaitwa Kendi, fundi wa welding. Yeye hutengeneza trela za kubebea ngano.

Siku moja alinikuta nakula nikiwa nimejifunika karatasi ya plastiki, manyunyu yakiingia kwa sahani. Hakuniambia pole. Aliingia moja kwa moja akamwambia Mama Kinya, "Mama, weka ramp, njia ya mteremko, hapa mlangoni."

Mama Kinya si mtu mbaya. Alijibu tu ukweli wake: "Ramp itakaa pale benchi iko. Wazee wangu wakingoja meza, wataketi wapi?"

Na kweli, nafasi ni hiyo moja tu.

Kendi aliiangalia ile benchi. Kisha akasema, "Basi benchi yenyewe itakuwa ramp."

Wiki moja baadaye akaleta benchi ya chuma yenye bawaba, kama mlango wa nyuma wa trela. Ukivuta pini, kiti kinalala juu ya ngazi.

Nikajaribu. Wakuu, huo ulikuwa ukuta! Nilifika katikati, mikono ikaisha nguvu, nikarudi nyuma mbio. Kendi ndiye alinidaka.

Mama Kinya akapiga kelele, "Hiyo itaua mtu! Toeni sasa hivi!"

Nusura nikubaliane naye. Lakini nikamwambia Kendi, "Si mbaya, ni fupi. Irefushe."

Yeye anajua chuma. Mimi najua mlima.

Akairudisha workshop. Akaongeza mahali pa kuegemea mgongo, na hapo pakikunjuliwa panaungana na kiti, njia inakuwa ndefu mara mbili. Juu akaweka bati lenye vinundu ili gurudumu lisiteleze.

Jumanne asubuhi tukarudi. Wazee wawili walikuwa wameketi hapo.

"Wazee, simameni kidogo," Kendi akawaambia. "Barabara inapita."

Wakasimama wakicheka. Pini ikatoka, kraa! Nikajisukuma mwenyewe hadi ndani. Hakuna mkono wa mtu ulinigusa.

Kumbe kuta za hapo ni za kijani! Miaka sita sikuwa najua.

Nikachagua meza yangu, karibu na jiko. Chai ikaja, nikaungua ulimi, nikacheka mpaka machozi. Mama Kinya akavuta kiti akaketi na mimi.

"Karimi," akasema, "miaka sita nakuuzia chakula, na leo ndio tunaongea."

Tuliongea mpaka githeri ya watu ikaanza kuungua.

Wazee sasa wanasema benchi hii ni tamu kuliko ya zamani, mgongo unapumzika. Mtu wa soda anapitisha kreti zake hapo. Mwenye duka la dawa ameshamwita Kendi apime ngazi zake, na mimi ndiye tester rasmi!

Nilichojifunza: usikimbilie kumbeba mtu. Muulize kinachomzuia, na ukitengeneza kitu, yeye awe wa kwanza kukijaribu. Na mwenye biashara akikataa, sikiliza sababu yake vizuri. Hii benchi ilitoka kwa "hapana" ya Mama Kinya.

Sasa nyinyi wa Nchiru, Embu, Kiambere na kwingine: pale mahali unaingia kila siku kununua kitu, mlangoni kuna ngazi ngapi?

Kama hujui, kesho zihesabu, uje utuambie hapa.