Mpiga Ngoma Aliyekataa Mkono wa Hasselmark

Jumapili hiyo Gesine Kubisch alikuwa na kazi mbili: saa tano asubuhi kupiga ngoma kwenye onyesho la Valentin Hasselmark, saa nane mchana kukaa chini asubiri wenzake wampigie kura.

Maana kwenye okestra za Ujerumani hakuna bosi anayekuajiri mambo yakaisha. Unajaribiwa mwaka mzima, halafu hao hao unaokaa nao kila siku, unaogawana nao sigara, wanajifungia chumbani na kuandika ndiyo au hapana. Ukikosa theluthi mbili, fungasha virago. Na Gesine alikuwa ameshafungasha mpaka akachoka. Baba yake muuza nyama, ngoma alijifunzia kwenye bendi ya matarumbeta ya kijijini kwao, kisha miaka tisa akawa mtu wa kushikia wenzake nafasi, leo huyu kavunjika mkono, kesho yule kajifungua. Usaili alifanya ishirini na tatu, nyuma ya pazia, pekupeku, ili waamuzi wasisikie visigino wakajua ni mwanamke. Wa ishirini na nne ndio ukampa kiti hapa Altenrode. Sasa ana miaka thelathini na tano. Akikikosa hiki, ndiyo basi tena.

Doa lake lilikuwa moja tu. Mwezi wake wa pili hapo aliingia kabla ya zamu yake. Pigo moja, bum, peke yake, ukumbi mzima umenyamaza. Tangu hapo mzee Ekkehard Thoma, mpiga fidla wa kwanza, ambaye okestra yote inatazama upinde wake, akawa anamwita Bibi Haraka.

Hasselmark alifika Jumamosi, kachelewa, na skafu shingoni. Mji mzima ulikuwa umebandikwa sura yake, tiketi ziliisha kwa siku moja. Yeye anapiga piano na yeye huyo huyo anaongoza okestra. Basi piano likawekwa katikati, kifuniko kikang'olewa, mgongo kawapa watu. Mazoezi yalipangwa yachukue saa tatu nzima. Alifanya dakika arobaini, akaanza kuvaa koti.

"Maestro," Thoma akamwambia, "sehemu ya tatu ya muziki huu hatujaigusa kabisa."

"Tutaisikia tu kesho," Hasselmark akajibu, akaondoka.

Uwe Pfaff, mpiga tarumbeta anayekaa jirani na Gesine, akanong'ona: "Hata gari likigonga ukuta utalisikia tu."

Jumapili ikawa kama walivyoogopa. Sehemu ya kwanza na ya pili zilipita hivi hivi. Piano bila kifuniko, sauti yote inapaa darini, watu wa nyuma wanaona mabega tu yakirukaruka. Hapa anapiga, hapa anaacha kupiga apunge mkono, hakuna kinachokamilika. Bibi mmoja mstari wa mbele alianza kusoma karatasi ya ratiba.

Sehemu ya tatu, pakafika mahali piano linanyamaza na okestra inapiga yenyewe. Hapo Hasselmark akasimama ili aongoze kwa mikono miwili. Ngoma ya Gesine ilitakiwa ikae kimya vipimo sitini na viwili, vile vipande vya mapigo vilivyogawanywa kwa mistari kwenye karatasi ya muziki, na yeye anavihesabu kichwani kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Arobaini na nane.

Hasselmark akamgeukia, akamnyooshea kidole: piga!

Gesine akaganda. Vijiti viko juu.

"Anakuita wewe," Uwe akanong'ona bila kutikisa midomo.

"Naona."

"Sasa?"

"Bado kumi na nne. Nyamaza nihesabu."

Akamtazama Thoma. Upinde wa mzee ulikuwa unaenda taratibu, palepale Gesine alipofika kwa kuhesabu. Lakini macho ya Thoma yalikuwa kwenye karatasi, hakumpa hata kope. Hasselmark akampungia tena, sasa kwa ngumi, uso mwekundu. Watu wa mbele wakaanza kurefusha shingo kumwangalia huyo mwanamke wa ngoma aliyelala kazini. Akipiga, ni Bibi Haraka kwa mara ya pili, na kura saa nane. Asipopiga, anamwaibisha mtu ambaye ukumbi umejaa kwa ajili yake.

Hamsini na tano. Mpiga baragumu mmoja akaufuata mkono wa Hasselmark, mwingine akabaki na Thoma. Filimbi zikakata kabisa. Hamsini na nane. Sasa kila mtu anapiga lake, kama soko. Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili.

Gesine akashusha. Hakupiga kwa adabu, alipiga kama anapigilia mlango misumari. Baragumu zikamdaka, filimbi zikarudi, na wote waliopotea wakakutana kwenye ngoma yake. Hasselmark akadondoka kwenye kiti chake, akaingia kachelewa, na vidole vikajikwaa.

Makofi yalikuwa ya heshima tu. Wengine walikuwa wameshainuka kuwahi makoti yao. "Redioni alikuwa afadhali," akasema yule bibi wa mbele, wala hakupunguza sauti.

Nyuma ya jukwaa Hasselmark akajifuta shingo, akamwambia mkurugenzi wa okestra, wote wanasikia: "Nikija tena nitafutieni mpiga ngoma asiyesinzia."

Watu wazima zaidi ya hamsini wakainamia viatu vyao. Thoma alikuwa anafuta upinde, akaendelea kuufuta. Uwe akamvuta Gesine mkono wa blauzi. "Meza. Kura saa nane, dada, meza tu."

Haikumezeka. "Mimi nilikuwa macho, Maestro. Aliyepotea ni wewe. Vipimo kumi na vinne."

Hasselmark akaacha kujifuta. "Unaitwa nani wewe?" akauliza.

"Kubisch. Andika, usije ukasahau na hilo."

Saa nane wakajifungia. Kawaida ni dakika kumi. Gesine akakaa kantini mbele ya supu ya viazi, saa ya ukutani ikapita dakika ishirini, ikapita arobaini. Mara mbili alisikia mtu anafoka kule ndani. Mwisho Uwe akatoka, kalegeza tai.

"Tumepiga kura hamsini na sita. Zilitakiwa thelathini na nane."

"Sema basi, we mwanaume!"

"Thelathini na tisa."

Kabla hajavuta pumzi, Thoma akaja akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mimi nimeandika hapana," akasema. "Bora ulisikie kwangu."

"Nilipiga vibaya?"

"Ulipiga sawasawa. Bila wewe tungezama wote, na mimi wa kwanza. Hapana yangu ni ya mdomo wako. Yule harudi tena, na kwa jina lake ukumbi hujaa, sisi tukala."

"Kwa hiyo ningekubali kwamba nilisinzia?"

"Ungenyamaza. Mimi nimenyamaza miaka thelathini na moja."

"Inaonekana, Bwana Thoma."

Uwe akageuka haraka akajifanya anatafuta chumvi. Mzee hakucheka, hakukasirika pia. Akainuka na kuondoka na kasha lake la fidla.

Gesine akaivuta supu, imeshapoa zamani, akaanza kula. Akaila yote, taratibu; safari hii hakuwa na virago vya kufungasha.