Nyuzi Mbili na Gari la Miguu Mirefu

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Vaa-Nione. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini lilikuwa limelala tu kwenye kitambulisho, halina kazi. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kitambi kidogo kilichomjia ghafla kama mgeni asiyebisha hodi, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Ukienda kuchukua suruali yako, hata kama una haraka ya kukimbilia kazini, hakupi. Atakuonyesha pazia lililo kwenye kona ya karakana, aseme, "Vaa nione." Utavaa. Atakuzunguka kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, atavuta hapa, atabonyeza pale, na mara nyingi atakuambia ukae usubiri kidogo, kwa sababu pindo la kulia limemuudhi.

Basi mtu huyo ndiye aliyeingiwa na jambo la kununua gari. Na si gari lolote. Alitaka yale ya juu, yenye matairi mapana na tumbo lililonyanyuka, ambayo yeye mwenyewe aliyaita magari ya miguu mirefu.

Sababu ilikuwa mama yake. Waliishi pamoja, mama katika chumba kilichopakana na karakana, akilala na kuamka kwa mlio wa cherehani. Nyonga zake zilikuwa zimekaza. Ndani ya nyumba alijitembeza mwenyewe kwa fimbo, akiisema fimbo hiyo kama mtu anavyomsema mfanyakazi mvivu. Shida ilianza siku alipopelekwa hospitali kwa gari la jirani. Gari lilikuwa juu, akashindwa kupanda, na wanaume wawili wakamkamata kwapani na magotini wakamtia ndani kama gunia la mkaa, huku watu wa mtaani wakiangalia. Aliporudi alivua viatu vyake vya kutokea, akaagiza viwekwe juu ya kabati, na tangu hapo hakuvuka mlango wa nje.

Ng'ambo ya vilima aliishi mdogo wake wa kike, ambaye macho yalikuwa yamemwisha na safari hakuziweza tena. Zamani hazikupita siku nyingi kabla hawajatembeleana. Sasa walibaki kupigiana simu, kila mmoja akipayuka kana kwamba simu ni ya kupitishia upepo tu na sauti lazima ifike yenyewe. "Utakuja lini?" mdogo mtu aliuliza kila mara. Na mama kila mara alijibu, "Nyonga zikitulia," kisha akakata simu akatazama ukuta.

Barabara ya kwenda huko ilijulikana kwa ubaya wake: mawe yaliyochomoza, na mifereji iliyochimbwa na mvua katikati ya njia. Gari la chini likipita lilikuwa linaacha tumbo lake huko. Hapo ndipo fundo lilipokaa. Kwa ajili ya mama, gari liwe chini. Kwa ajili ya barabara, liwe juu. Vaa-Nione alishona na jambo hilo kichwani mpaka akamwekea mteja mmoja mfuko wa shati upande wa kulia.

"Si umuulize mwenyewe?" mkewe alimwambia.

"Nikimtajia gari atasema hataki. Nitalileta likiwa tayari, limemkaa sawasawa. Hapo atakataaje?"

Mkewe alikata uzi kwa meno, akamtazama. "Haya, bwana."

Sasa, wapo wateja wanaoona haya kupimwa. Hao hukuletea nguo ya zamani inayowakaa vizuri, na fundi huchukua vipimo kwenye nguo badala ya mwili. Vaa-Nione akajiuliza: ya mama ni ipi, hiyo nguo ya zamani? Akaiona. Ni kitanda. Pale hukaa na kuinuka mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Mama alipokuwa uani akiota jua, yeye aliingia chumbani kwa kunyata, akateremsha futi kutoka juu ya godoro hadi sakafuni, akafunga uzi mwekundu kwenye futi pale kimo kilipoishia. Kisha akamwomba shemeji yake, fundi wa magari, ampakie kwenye pikipiki hadi ile barabara. Walilitafuta jiwe baya kuliko yote. Akapiga magoti mbele yake, akalipima kimo kama anavyompima bibi harusi, akafunga uzi mweusi.

"Nyekundu ni mama, nyeusi ni jiwe," alimweleza shemeji.

"Usije ukawachanganya," shemeji akasema, "ukatuletea gari linalomfaa jiwe."

Kwenye yadi ya magari walipokewa na mwanamama mcheshi, miwani ya jua ameipandisha kichwani, funguo zikimlia mkononi. Alizoea wanunuzi wanaouliza gari linakula mafuta kiasi gani. Huyu wa leo alijilaza chini kwenye kokoto, akaingiza futi chini ya tumbo la gari jeusi linalong'aa, akatoka na vumbi kisogoni.

"Mzee wangu, umepoteza kitu?"

"Natafuta jiwe."

"Mawe yapo mengi hapa, chukua bure. Gari ndilo la kununua."

Jeusi lilivuka uzi mweusi vizuri, lakini kizingiti cha mlango kilikuwa kipana kama kibaraza. Mtu angelazimika kurusha mguu ndani, na mama miguu yake hairushwi. La fedha lililofuata lilikuwa na ngazi ya pembeni. Ilimvutia. Akaikanyaga, akashuka, akaikanyaga tena, akaona ni nyembamba, ya kiatu cha kijana. Jeupe kiti chake kilikuwa chini, kitamu kabisa, ila uzi mweusi ulikataa: lile jiwe lingelichana tumbo. Njiani kati ya gari na gari alisahau hata shida yake, akawa anafungua milango na kuifunga asikie mlio, ananusa viti, anavuta mishono kwa kucha.

"Kiti hiki kimeshonwa na mtu mwenye haraka," alisema.

"Kimeshonwa na mashine," mwanamama alijibu.

"Basi mashine ilikuwa na haraka."

Mwisho kabisa, karibu na ukuta, lilisimama la kijani kibichi, si jipya, ubavuni lina mkwaruzo uliopakwa rangi isiyolingana. Shemeji alifungua boneti akachungulia huko, akaliwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Vaa-Nione akapima. Tumbo lilivuka uzi mweusi. Kiti kilifika kwenye uzi mwekundu barabara, si juu si chini. Juu ya mlango palikuwa na mshikio imara. Alibaki ameishika futi yake kama mtu aliyeokota pesa.

"Ndilo," alisema. "Kesho tunakuja kulilipia."

Nyumbani alimsimulia mkewe mwanzo hadi mwisho, mikono ikichora magari hewani. Mkewe alimsikiliza huku akipiga pasi. Alipomaliza, akauliza:

"Nani amelivaa?"

"Nani amelivaa nini?"

"Hilo gari. Wewe mtu akija kuchukua hata soksi hatoki hapa bila kujaribu. Leo unamletea mama yako gari lililopimwa kwenye kitanda?"

Vaa-Nione alikaa. Alijua makosa ya mafundi wote wa mtaa ule, na hili alilicheka miaka mingi kwa wengine.

Asubuhi akampigia simu mwanamama wa yadi kumwomba alilete la kijani nyumbani, na lile jeupe pia, kwa kulinganisha. Mwanamama aliendesha moja, shemeji jingine. Mama alisikia milio miwili dirishani na pazia la chumba chake likasogea kidogo. Likarudi. Likasogea tena.

"Hayo ni ya nani?" sauti ilitoka.

"Ni ya kutazama tu, mama."

"Hili jeupe linacheka. La kijani limenuna. Kwa nini limenuna?"

"Ndivyo taa zake zilivyo, mama."

Fimbo ikasikika sakafuni. Alitokea kwenye mlango wa karakana, akasimama hapo, hakuvuka. Macho yake yalipita mtaani, yakawaona majirani walioanza kutoa vichwa, na uso ukajikunja. Mwanawe aliona. Bila kusema, alilichomoa pazia la kujaribia nguo kwenye kona, na shemeji akalisogeza la kijani hadi mlango wake ukafungukia ndani ya kizingiti cha karakana. Wakalitandaza pazia kutoka ukutani hadi kwenye gari. Mtaa ukabaki na nguo ya kutazama.

"Haya, mama," alisema fundi. "Vaa nione."

Mama alimkazia macho, halafu akacheka pembeni mwa mdomo. Alijongea. Hakuingiza mguu kwanza kama watu wengine. Aligeuka, akaupa mgongo mlango, akashika mshikio, akashusha makalio. Hayakufika. Kiti kilimgonga chini ya kiuno, juu kabisa.

Vaa-Nione alitoa futi. "Lakini ni sawasawa na kitanda! Tazama uzi!"

"Ulikipima nani akiwa amekikalia?"

"Hapakuwa na mtu."

"Umenipimia godoro tupu? Mwanangu, mimi nalala juu ya hewa? Lile limeshabonyea kwangu mpaka limejua jina langu."

Shemeji aligeuka akakohoa kwenye mkono. Fundi alitazama chini. "Basi tujaribu jeupe, mama. Kiti chake kiko chini."

"Litanifikisha kwa mdogo wangu?"

Fundi aliutazama uzi mweusi. Ndipo wote wakajua kwamba mama alishajua gari ni la safari ipi.

"Basi liondoe," alisema. "Nipe kile kigoda chako wanachosimamia mabibi harusi."

Kigoda kilikuwa kipana, kizito, kimevalishwa zulia ili kisiteleze. Juu yake wanawake walisimama wakichukuliwa pindo la gauni. Fundi alikiweka. Mama akapanda kigoda kwa mguu mzuri, kisha mwingine, akapumzika, akageuka, akakaa. Safari hii alifika. Alijaribu kujisogeza ndani, gauni likang'ang'ania kitambaa cha kiti.

"Hili linanishika kama mkwe mwenye wivu. Si una bitana hapo? Ile laini?"

Alikatiwa kipande cha bitana ya satini, kikatandazwa chini yake. Akateleza mara moja, miguu ikafuata, mmoja kisha mwingine, akaiweka mwenyewe. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Alikaa pale mbele, akagusa dashibodi kwa kidole, akakitazama kidole kama kina vumbi, akabonyeza kitu kioo kikashuka, akabonyeza kikapanda, akakishusha tena.

"Kigoda kitakaa wapi?" aliuliza.

"Kwenye buti, mama. Mimi nitashona kingine cha mabibi harusi."

"Vigoda havishonwi."

"Nitanunua basi."

Mwanamama wa yadi alikuwa amevua miwani yake. "Mama, umelipenda?"

"Limenuna, lakini lina adabu." Mama aligeuka, akamtafuta mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi mkononi, nyuzi mbili zikining'inia. "Haya. Nimelivaa. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Sasa usisimame hapo kama mlingoti. Liondoe hilo pazia." Alinyoosha kidole kuelekea ndani ya nyumba. "Na mwambie mkeo aniteremshie viatu vyangu pale juu ya kabati."