Shemasi na Kambuzi

Mzee Gracien, shemasi wa kanisa moja la Wakongomani pale Stafford, jirani na Houston, Marekani, alikuwa mtu wa kutisha kidogo, na alipenda iwe hivyo. Siku za kazi aliendesha gari la kunyanyulia mizigo ghalani. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa na suti yake ya kijivu, na watoto wakanyamaza wenyewe.

Kumbe mzee wetu ni msanii! Miaka mitatu sasa, kila Jumamosi alijifungia kurekodi sauti kabatini kwa jirani yake Kethia, binti anayetengeneza katuni za Kiswahili kwa ajili ya watoto wanaowajibu wazazi wao kwa Kiingereza. Humo, akiwa amebanwa na makoti ambayo joto la Houston halijayapa kazi ya maana, mzee alibana pua akawa Kambuzi, mwanambuzi wa kudeka na kulilia maziwa. Kethia alimgundua siku alipomsikia akimwigiza msimamizi wake wa kazi ili mkewe acheke. Gracien alikubali kwa sharti moja: jina lake lisionekane popote. Nani atamheshimu shemasi anayelia mee?

Basi, Jumapili moja Raïssa, mtoto wa miaka minne, akajifungia msalani kanisani, akashindwa kufungua. Mama yake alibembeleza, wenzake wakabembeleza, wapi! Gracien akaja na ule ukali wake: "Fungua!" Kilio kikageuka mayowe.

Mzee akatazama kushoto na kulia. Akina mama wote macho kwake. Akapiga magoti, akabana pua.

"Mee! Raïssa, dada yangu, ni miye Kambuzi. Miye pia naogopaka. Zungusha ile kitu polepole, basi."

Kisha kitasa kikalia, mlango ukafunguka.

Akina mama walivunjika mbavu. "Papa Shemasi! Kumbe ni weye!" Mzee aliona aibu kweli, masikio yakawaka moto.

Raïssa hakucheka. Alichungulia nyuma ya mzee akimtafuta mbuzi, hakumwona. Akarudi, akamgusa koo kwa kidole.

"Papa, ulimumeza?"

Bado palikuwa na njia ya kujiokoa. Angesema tu kwamba mbuzi amepita dirishani, na mtoto angeamini.

"Apana, mama," Gracien akajibu, kwa sauti yake mwenyewe, wote wakisikia. "Tunaishi pamoja."