Onja Kwanza

Clotilda alitoka Minago alfajiri kwa miguu, na kilichomtembeza ni hasira. Esansi, mafuta ya magari, ilikuwa imekwisha mji mzima, mabasi yamelala, na wenye pikipiki walitazama kandambili zake kisha wakageukia pengine. Saa sita mchana wazee wa kilima, baraza la kijiji, wangekaa Rumonge kuamua kesi ya michikichi ya marehemu baba yake. Asipotokea, shamba lote linabaki kwa kaka yake Zabroni. Na Zabroni alijua kabisa kwamba hakuna usafiri, ndiyo maana aliomba siku hiyo hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani.

Clotilda alibebwa mgongoni kukimbilia Tanzania wakati wa vita angali mchanga, akarudi ana wajukuu. Zabroni alitangulia kurudi, akakuta mashina yamezaa, akanyamaza. Clotilda alipouliza sehemu yake, akaambiwa yeye ni Mtanzania, arudi kwao. Neno hilo alilitafuna njia nzima, ziwa likiwa mkono wake wa kulia. Watu walimsalimia "amahoro", naye aliitikia kama anayetema mbegu.

Jua lilipokaza aliomba maji kwenye nyumba moja kando ya barabara. Mwenyewe alikuwa Jessica, mama wa Kikongo kutoka ng'ambo ya ziwa, anafunga dumu la mawese kwenye baiskeli aende sokoni. Akaingia ndani, akatoka na kopo limejaa pomoni, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Clotilda hakulipokea. Mama yake, hata katika kambi ya wakimbizi, alimfundisha kwamba anayekupa kinywaji huanza yeye kunywa, ndipo ujue hakina sumu. Asiyeonja ana lake jambo.

"Onja kwanza," alisema.

Jessica aliliteremsha kopo. Kisha uso ukamvimba.

"Mama, unaona mi iko mulozi? Mama yangu alinifundisha, maji ya mugeni haiguswe na mudomo ya mwingine!"

Akayamwaga yale maji mavumbini, mbele ya miguu ya Clotilda, akaingia ndani na kubamiza mlango. Clotilda naye akafyonza, akashika njia. Wachawi wakubwa, alijiambia. Kiburi chake kilimfikisha mpaka kilima cha pili tu. Pale alikaa chini kwenye changarawe, kizunguzungu kikimzungusha, na akalia. Hakulia kwa kiu. Alilia kwa kuwa Zabroni atashinda bila hata kufungua mdomo.

Baiskeli ikasimama. Alikuwa Jessica, bado amenuna. Akachomoa chupa ya maji, akamkazia macho Clotilda, akanywa mafunda matatu makubwa kama anayemkomoa, kisha akamsukumia kifuani. Clotilda akanywa, bila asante. Alipotaja kesi na saa sita, Jessica akasonya, akafungua kamba, akalikokota dumu lake mpaka nyumba ya jirani wakamwekee. Soko la siku hiyo limekwenda. Akampakia Clotilda nyuma, akakanyaga pedali mpaka Rumonge.

Wazee walikuwa wameanza kusimama. Zabroni alipomwona dada yake akishuka kwenye baiskeli, tabasamu lilimkauka. Clotilda alizungumza kwa ufupi na kwa ukali. Aliitaja mipaka yote aliyofundishwa na mama yake kambini, mpaka mtaro na jiwe la kunolea panga, na mzee mmoja akathibitisha kwamba jiwe lipo. Wakaamua shamba ligawanywe nusu kwa nusu. Ikaletwa pombe ya ndizi ili wawili wale wanywe na maneno yaishe.

Zabroni alishika kibuyu, akanywa taratibu, kila mtu aone. Alionja vizuri kuliko mtu yeyote. Halafu akampa dada yake. Clotilda alilowesha midomo kwa heshima ya wazee, akakirudisha.

Akaenda barabarani, kwa Jessica aliyekuwa anajaza upepo tairi, akamwomba maji. Jessica akaichukua chupa, akaipeleka kinywani mwake kwanza, kama alivyofunzwa asubuhi. Clotilda akamshika mkono.

"Usionje," alisema, akaichukua, akanywa mpaka ikaisha.